UZI: Ndugu amefungwa Marekani na rufaa za jimbo zimegonga mwamba? Habeas corpus ya mahakama ya shirikisho, hatua kwa hatua

Mtunza Kabrasha | Novemba 2024

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kwa ajili ya wenzetu walioko Marekani wenye mtu wao gerezani, na kwa ndugu walioko nyumbani wanaochangishana fedha za wakili bila kujua kesi imefikia wapi. Kazi yangu ni ukalimani na kuandaa makabrasha katika ofisi ya mawakili huko. Kinachoniuma ni familia kuja na hoja nzito kabisa (wakili wa kwanza alizembea, shahidi wa utetezi hakuitwa, upande wa mashtaka ulificha ushahidi), halafu ukipanga tarehe mezani unakuta muda ulikwisha mwaka jana. Hapo hoja haisikilizwi tena, hata iwe nzuri vipi. Ndiyo maana nitaanza na kalenda, sheria yenyewe baadaye.

Kwanza tuelewane. Habeas corpus si rufaa. Ni shauri jipya, tena la madai, analofungua mfungwa dhidi ya mtu anayemshikilia. Jaji wa shirikisho hapangi upya nani alisema kweli kule kwenye kesi ya jinai. Anaangalia kama kifungo kile kimepatikana kwa kuvunja Katiba au sheria za Marekani. Jimbo likikosea sheria zake lenyewe, hilo peke yake halimhusu.

Kuna milango mitatu na watu huichanganya sana. Aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo anaingia kwa kifungu cha 2254 cha sheria za shirikisho. Aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho anaingia kwa 2255, na anarudi kwa mahakama ileile iliyomhukumu. Aliyeshikiliwa bila hukumu ya jinai, mfano wale wa uhamiaji, anatumia 2241. Mimi hapa nazungumzia 2254, kwa sababu wafungwa wengi Marekani wako magereza ya majimbo.

KALENDA. Mpaka 1996 hapakuwa na tarehe ya mwisho. Tarehe 24 Aprili 1996 Rais Clinton alisaini sheria ambayo mawakili wanaiita AEDPA, mwaka mmoja na siku chache baada ya bomu la Oklahoma City. Tangu hapo mfungwa ana mwaka mmoja tu. Mwaka huo kwa kawaida unaanza siku hukumu inapokuwa ya mwisho, yaani rufaa za kawaida zimekwisha au muda wa kuzikata umepita. Kama ulifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, unaongezewa siku 90 ambazo ungeweza kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani ikusikilize, hata kama hukuomba. Kama hukufika huko juu, siku 90 huzipati. Saa inaanza pale muda wako wa kupanda ngazi ulipokwisha.

Saa inaweza kuanza baadaye ikiwa kuna ushahidi ambao usingeweza kugundulika mapema kwa bidii ya kawaida, au Mahakama ya Juu imetambua haki mpya na kusema inawahusu hata waliokwisha kuhukumiwa, au dola yenyewe ilikuzuia kufungua. Usitegemee hayo mpaka wakili akuthibitishie.

Saa inasimama wakati ombi la mapitio ya baada ya hukumu, lililofunguliwa sawasawa, liko mbele ya mahakama za jimbo. Inasimama tu, hairudi sifuri. Siku ulizokwisha kula zimeliwa. Na hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanakaa miezi kumi wakitafuta wakili, wanafungua ombi la jimbo, linakaa miaka miwili, linakataliwa, wanadhani sasa wana mwaka mzima. Wana miezi miwili.

NGAZI ZA JIMBO. Kila hoja unayotaka kumpelekea jaji wa shirikisho lazima kwanza uwe umeipeleka kwenye mahakama za jimbo mpaka juu, ukiitaja kama hoja ya Katiba ya Marekani. Ukisema tu "kesi haikuwa ya haki" bila kutaja haki gani ya Katiba, wanaweza kukwambia hukuiwasilisha. Ukienda na maombi yenye hoja tatu, mbili zimemaliza ngazi na moja bado, kesi ya Rose dhidi ya Lundy (1982) inasema maombi mchanganyiko hayapokelewi.

Na kama jimbo lilikataa hoja kwa sababu ulichelewa au ulikosea taratibu zao, mlango wa shirikisho nao kwa kawaida umefungwa. Roger Coleman wa Virginia, wakili wake alichelewa siku 3 kuwasilisha taarifa ya rufaa katika maombi yake ya jimbo. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ilisema kosa hilo ni la mteja kulibeba, kwa kuwa katika hatua ile hana haki ya kikatiba ya kupewa wakili. Aliuawa kwa kiti cha umeme 1992. Kipimo cha DNA cha 2006 kilionyesha kwamba kweli alikuwa na hatia, lakini kanuni ile inawabana wote, wenye hatia na wasio nayo. Martinez dhidi ya Ryan (2012) ililegeza kidogo kwa hoja za uzembe wa wakili wa kesi ya awali, kisha Shinn dhidi ya Ramirez (2022) ikakaza tena upande wa ushahidi mpya.

KUFUNGUA. Ada ni dola 5. Ndiyo, tano. Asiye nazo anaomba msamaha wa ada. Fomu ya kitaifa ni AO 241, ingawa mahakama nyingi zina yao. Unamtaja anayemshikilia mfungwa kama mjibu maombi. Unaandika sababu ZOTE, ukweli unaozibeba na unachoomba, na mfungwa anasaini chini ya adhabu ya kusema uongo. Mkazo uko kwenye ukweli: nani, lini, ukurasa gani wa mwenendo wa kesi. "Wakili wangu alikuwa mbaya" haina uzito. "Wakili hakumpigia simu shahidi fulani aliyekuwa kwenye orodha ya polisi, na kiapo cha shahidi huyo kimeambatishwa" ina uzito.

Mahakama inayopokea inaitwa ya wilaya. Wenzangu wa Tanzania msiilinganishe na Mahakama ya Wilaya ya kwetu. Ile ni ya majaji wa shirikisho wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, karibu na Mahakama Kuu yetu.

Hatua inayofuata hata mjibu maombi hajaitwa. Chini ya Kanuni ya 4 ya kanuni za mashauri ya 2254, jaji anasoma maombi peke yake. Akiona wazi hayana msingi, anayatupa. Yakipita, anaamuru upande wa jimbo ujibu. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo inaleta majibu, nakala za mwenendo na maamuzi ya jimbo. Soma majibu hayo kwa makini, kwa maana mara nyingi kurasa za mwanzo zote ni kuhusu muda, ngazi na taratibu, na hoja yako yenyewe inaguswa mwishoni. Mwombaji ana haki ya kujibu. Wengi hawajibu. Sielewi kwa nini, hiyo ndiyo nafasi ya kueleza tarehe zako.

Baada ya hapo ni kungoja, na si jambo la ajabu kungoja mwaka au zaidi. Ushahidi wa mdomo ni nadra sana. Tangu Cullen dhidi ya Pinholster (2011), hoja ambayo jimbo liliiamua inapimwa kwa kumbukumbu zilezile zilizokuwa mbele ya jimbo. Hivyo kiapo cha shahidi kitafutwe mkiwa bado jimboni. Mkifika shirikisho mmechelewa.

KIPIMO. Jaji wa shirikisho hata akiona jimbo lilikosea, haitoshi. Lazima uamuzi wa jimbo uwe umekwenda kinyume na sheria iliyokwisha wekwa wazi na Mahakama ya Juu ya Marekani, au umeitumia isivyo na busara, au umejengwa juu ya kusoma ukweli isivyo na busara. Harrington dhidi ya Richter (2011) ilitafsiri hivi: kama majaji wenye fikra za haki wanaweza kutofautiana, mwombaji ameshindwa. Ni kipimo kigumu mno, na kwa maoni yangu kimewaacha ndani watu ambao jaji mwenyewe aliona walionewa. Lakini ndicho kilichopo, na hoja iandikwe kwa kukilenga.

Mara nyingi hakimu wa shirikisho ndiye anayeandika mapendekezo kwanza. Una siku 14 kuyapinga kwa maandishi. Ukinyamaza, unaweza kupoteza haki ya kuyalalamikia huko mbele.

Ukishinda, kwa kawaida mtu hatoki siku hiyo. Jaji anaipa dola muda maalumu imshitaki upya au imwachie.

Ukishindwa, una siku 30 kutoa taarifa ya rufaa, na unahitaji kibali cha kukata rufaa. Hizo siku 30 zishikeni kama roho. Katika Bowles dhidi ya Russell (2007), mwombaji wa Ohio alipewa na jaji mwenyewe muda wa ziada wa siku 17. Sheria inaruhusu 14. Aliwasilisha ndani ya zile 17 alizoandikiwa na jaji, na Mahakama ya Juu kwa kura 5 kwa 4 ikasema amechelewa. Ndiyo maana nasema hesabuni wenyewe, hata jaji akikupa tarehe.

Maombi ya pili? Lazima jopo la majaji watatu wa mahakama ya rufaa liruhusu kwanza, na sababu zinazokubalika ni chache mno. Chukulia kwamba una nafasi moja.

Karibuni kwa maswali.

---

Nyasa Kusini

Mkuu, asante sana. Ila nikuulize bila kuficha: kama kipimo ni hicho, kuna anayeshinda kweli? Au familia zinapoteza fedha?

---

Mtunza Kabrasha

Wasiohukumiwa kifo, wanaopata amri ni chini ya mmoja kwa kila mia. Sitawadanganya watu. Wakili akikuahidi ushindi kwa malipo makubwa ya mbele, muogope.

Lakini angalia Thomas Miller-El wa Texas. Kesi yake ilikuwa 1986 mjini Dallas. Waendesha mashtaka waliwaondoa 10 kati ya watu weusi 11 waliostahili kukaa kwenye juri. Mahakama ya wilaya ikakataa, mahakama ya rufaa ikamnyima hata kibali. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikasema kibali alistahili, kwa kuwa mwombaji hatakiwi kuonyesha kwamba atashinda, anatakiwa kuonyesha kwamba majaji wenye busara wanaweza kubishania hoja yake. Mwaka 2005 akashinda hoja yenyewe. Miaka 19. Alishinda kwa sababu kumbukumbu za uteuzi wa juri zilikuwemo kwenye jalada tangu mwanzo.

---

Wa Mombasa Asili

Mtunza Kabrasha, shukran. Huku kwetu Kenya habeas corpus tunaijua kwa sura nyingine kabisa: mtu amechukuliwa na watu wa Subaru (watekaji wasiojitambulisha, wanaokuja na magari hayo), familia inakimbia kortini ili serikali imlete, awe hai au maiti. Katiba ya 2010 Kifungu cha 25 imeiweka kati ya haki zisizoweza kupunguzwa. Mwaka 2024 LSK (chama cha mawakili wa Kenya) walienda Mahakama Kuu kwa ajili ya wale watatu waliotekwa Kitengela, na Masengeli, aliyekuwa Kaimu Inspekta Jenerali wa polisi, akahukumiwa miezi sita kwa kudharau korti kwa kukosa kufika. Hiyo ya Marekani inaonekana ni ya mtu ambaye kila mtu anajua yuko wapi.

---

Mtunza Kabrasha

Umesema vyema kaka. Mzizi ni mmoja, ule wa sheria za Uingereza, na Katiba ya Marekani nayo inakataza kuisimamisha isipokuwa kwa uasi au uvamizi. Kuwafikia waliohukumiwa na majimbo kulikuja kwa sheria ya 1867, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakati majimbo ya Kusini hayakuaminika kuwatendea haki watu waliotoka utumwani. Nikikumbuka chimbuko hilo, makali ya 1996 yananisikitisha zaidi.

---

Sheria Kwanza

Naongezea kwenye maombi mchanganyiko, kwa sababu hapo watu wataogopa bure. Kama una hoja moja haijamaliza ngazi na mwaka unakaribia kwisha, usisubiri. Rhines dhidi ya Weber (2005) inamruhusu jaji kuyasimamisha maombi wakati unarudi jimboni, ikiwa una sababu ya msingi ya kutoiwasilisha mapema, hoja ina uzito na hukuchelewesha makusudi. Au unaiondoa hoja hiyo na kuendelea na zilizobaki. Kitu cha hatari ni kuliacha shauri lifutwe ukitegemea kufungua upya: Duncan dhidi ya Walker (2001) ilisema maombi yaliyoko mahakama ya shirikisho hayasimamishi saa ya AEDPA.

---

Mtunza Kabrasha

Kabisa, nashukuru. Hilo lilipaswa kuwa na herufi kubwa.

---

Binti Mzizima

Habari kaka. Binamu yangu hana kesi ya jinai mpya. Alikiri kosa la dawa miaka mingi iliyopita, akapewa kifungo cha nje, akamaliza. Sasa ICE (maofisa wa uhamiaji wa Marekani) wamemshika kwa kosa hilohilo. Wakili wa wakati ule hakumwambia kwamba kukiri kutamletea kurudishwa nyumbani. Aende 2254?

---

Mtunza Kabrasha

Pole sana dada. Hapa ni mambo mawili.

La hukumu ya zamani: Padilla dhidi ya Kentucky (31 Machi 2010) ilisema wakili wa utetezi lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini. Lakini Chaidez (2013) ilisema haiwahusu ambao hukumu zao zilikuwa za mwisho kabla ya hapo. Halafu 2254 inahitaji mtu awe bado "chini ya kizuizi" kwa hukumu hiyo. Parole (kuachiwa mapema kwa masharti) inahesabika, na kifungo cha nje kinachoendelea pia. Hukumu iliyokwisha kabisa haihesabiki (Maleng dhidi ya Cook, 1989), na kushikwa na uhamiaji kwa sababu yake hakuifufui. Kwa hiyo tarehe aliyokiri ni muhimu, na njia yake, kama ipo, itakuwa kwenye sheria za jimbo lililomhukumu. Majimbo kadhaa yana ombi maalumu la kutengua hukumu za namna hiyo.

La kushikiliwa sasa: hapo ni 2241, na ule mwaka mmoja wa 2254 haupo. Inafunguliwa kwenye wilaya aliyoshikiliwa. Haraka ni muhimu, kwa sababu wanahamisha watu. Ukifungua akiwa bado pale, kumhamisha baadaye hakuiondolei mahakama mamlaka. Na kama amri ya kumrudisha imekwisha toka na miezi inapita, soma Zadvydas dhidi ya Davis (2001): baada ya miezi sita, akionyesha kwamba hakuna dalili ya kweli ya kurudishwa karibuni, serikali lazima ijibu kwa ushahidi. Kwa nchi zinazochelewa kutoa hati za kusafiria hoja hii ina nguvu. Ila 2241 inagusa kushikiliwa kwake. Amri ya kumrudisha inapingwa kwingine, kwa hiyo wakili wa uhamiaji asiachwe.

---

Mama Wawili Houston

Kaka nimesoma mara mbili huku moyo unaenda mbio. Mdogo wangu yuko gereza la jimbo Texas. Wakili tuliyemlipa hajibu simu. Nimepata tarehe kwa karani: rufaa yake ilikataliwa na Mahakama ya Rufaa za Jinai ya Texas tarehe 9 Machi 2022. Ombi la jimbo lilifunguliwa 4 Januari 2023. Likakataliwa 18 Septemba 2024. Tumechelewa?

---

Mtunza Kabrasha

Dada, hamjachelewa. Tuhesabu pamoja.

Kwa kesi za jinai, hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya Texas, hivyo siku 90 mnazipata: 9 Machi 2022 inatupeleka 7 Juni 2022. Mwaka ukaanza hapo. Mpaka 4 Januari 2023 zimeliwa siku 211. Zimebaki 154, nami nabana makusudi. Saa ikasimama mpaka 18 Septemba 2024. Safari hii siku 90 HAZIPO, Lawrence dhidi ya Florida (2007) ilikataa hilo. Siku 154 kutoka 18 Septemba zinaishia 19 Februari 2025.

Hesabu hii inasimama tu kama ombi la jimbo lilipokelewa sawasawa na lilifunguliwa tarehe hiyohiyo kwenye mahakama iliyomhukumu. Omba nakala yenye muhuri. Lengeni kufungua kabla ya katikati ya Januari.

Kuhusu wakili: msimtegemee kuwa kisingizio. Holland dhidi ya Florida (2010) iliruhusu muda kuongezwa kwa haki, lakini kule mteja alimwandikia wakili barua nyingi akimsihi afungue, akaziandikia na mahakama, na alipogundua muda umepita akafungua mwenyewe mara moja. Wakili kukosea hesabu peke yake haitoshi. Mwandikieni leo kwa barua ya kusajiliwa, mdai jalada lote, mtunze risiti.

---

Mama Wawili Houston

Mungu akubariki. Mdogo wangu anasema anaweza kuandika mwenyewe, Kiingereza chake ni kizuri. Akituma kwa posta ya gereza halafu ikachelewa njiani?

---

Mtunza Kabrasha

Houston dhidi ya Lack (1988) inamlinda: kwa mfungwa asiye na wakili, siku ya kufungua ni ile anayokabidhi bahasha kwa maofisa wa gereza. Jina la kesi limefanana tu na mji wenu. Lakini ulinzi huo ni wa mfungwa. Wewe ukituma kutoka nyumbani kwa niaba yake, unahesabika siku masjala inapopokea. Atume yeye.

Atumie utaratibu wa barua za kisheria wa gereza, stempu ziwe zimelipwa, na kwenye fomu ajaze tarehe aliyokabidhi, chini ya adhabu ya kusema uongo. Mjibu maombi kwa Texas ni mkurugenzi wa idara ya magereza ya jimbo. Anaweza kufungua kwenye wilaya alikohukumiwa au aliko gereza. Anakili maombi yote kwa mkono kama hakuna mashine, nakala moja akutumie wewe. Hoja ziwe zilezile zilizokuwa kwenye ombi la jimbo, kwa mpangilio uleule, kila moja na ukurasa wake wa mwenendo. Akimaliza rasimu, nitumie faragha orodha ya hoja na tarehe tu, tuzipange pamoja kabla hajasaini.